Kungoja Bahari Ikauke

Harufu ya magadi haifanani na harufu nyingine yoyote, na mimi ni mtu niliyenusa mengi. Nimenusa moshi wa makaa ya mawe katika miji ya Uingereza, nimenusa dawa za wodi ambazo wenzangu wa rika hawakupata hata kuzichungulia mlangoni, na nimevaa manukato ambayo sitaji bei yake. Lakini upepo ukivuma kutoka ziwani wakati wa kiangazi, ukapanda hadi kwenye nyumba yangu ya mawe hapa Nakuru, ile harufu kali ya chumvi, matope yaliyooza na manyoya ya ndege huniingia puani, nikawa tena msichana wa miguu mitupu na gauni moja katika kambi ya wafanyakazi, kwenye shamba la mzungu kusini mwa ziwa. Nasema hivi bila kuona aibu. Kutoka kambi ile mpaka diploma ya uuguzi iliyotundikwa sebuleni kwangu ni safari ndefu, na niliitembea mwenyewe bila kushikwa mkono na mtu. Wanaopenda kuuliza nilitoka wapi, wasome hapa.

Msimu ninaoukumbuka ulikuwa katikati ya miaka ya hamsini, siku za Hali ya Hatari, askari wakipita shambani kila mara kukagua vipande, yaani vitambulisho vya watu. Mvua ilikuwa imekataa. Majani ya ng'ombe yaligeuka rangi ya gunia, mkonge ukasinyaa, na ziwa likaanza kurudi nyuma. Kwanza lilituachia ukanda mweupe wa kutembea kando yake, kisha ukanda ule ukawa uwanja, na mwishowe ukawa jangwa. Heroe, wale ndege wekundu wa miguu mirefu, waliondoka makundi kwa makundi kuelekea Elementaita, wakaacha mizoga yao imekauka kama vitambaa vilivyosahaulika kwenye kamba. Mchana kimbunga kilisimama katikati ya ziwa kama nguzo ya unga, kikatembea hadi kambini, na vumbi lile lilitua katika kila kitu: kwenye ugali, kwenye maji ya kunywa, kwenye macho ya watoto wachanga. Tulikohoa kambi nzima. Midomo yetu ilipasuka, na tulipoilamba, kidonda kiliwaka.

Nyumbani tulikuwa watatu, wote wanawake. Palikuwa na mama yangu, aliyefua nguo za memsahib mwenye shamba. Palikuwa na nyanya, mama mzazi wa baba. Na palikuwa nami. Baba sikuwahi kumwona. Alikuwa ameandikwa jeshini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mimi nikiwa bado tumboni, akasafirishwa Mombasa na kupakiwa melini pamoja na vijana wengine wa Afrika Mashariki waende kupigana Bara Hindi. Meli ile haikufika. Afisa mmoja alikuja shambani kwa pikipiki, akasimama uani na kofia mkononi, akasema kwamba meli imepigwa na adui na kuzama, na kwamba mwanajeshi huyu hakuonekana miongoni mwa waliookolewa. Kisha akanywa maji aliyopewa na mama, akashukuru, akaenda zake.

Nyanya hakukubali kwamba mwanawe ameaga dunia. Sisi Wajaluo tuna njia ya kumzika mtu aliyemezwa na maji na mwili wake usipatikane. Hutafutwa tunda la mti tunaouita yago, tunda refu, zito, gumu kama gogo. Hufunikwa nguo, likachimbiwa kaburi kamili, likazikwa nyumbani kwake kama yeye mwenyewe. Baada ya hapo watu hulia, mjane hunyolewa, na maisha huendelea. Kabla ya hapo hakuna msiba. Na kwa nyanya, kumlilia mtu ambaye hajazikwa kulikuwa sawa na kumwua kwa mdomo. Kwa hiyo mama alikatazwa kulia. Tangu siku ya yule afisa wa pikipiki hadi msimu ninaousimulia, mama hakuwa mke wala mjane, na hakuwa amedondosha chozi hata moja mbele ya mtu. Machozi yakimlenga, nyanya aliyatambua kabla hayajafika machoni. "Nyar Alego," angemwita kwa jina la kwao, yaani binti wa Alego, "nenda ukateke maji." Mama angechukua debe na kwenda.

Sababu ya nyanya ilikuwa hii, na sijapata kuisikia kwa mtu mwingine katika nchi zote nilizokaa. Yeye hakuwahi kuona bahari. Ziwa la kwao, lile kubwa la Kisumu, lilikuwa na maji matamu, na tangu azaliwe halikuwahi kupungua kiasi cha kumrudisha mtu. Aliyepotea humo alipotea. Maji pekee ya chumvi aliyoyajua yalikuwa ziwa letu la Nakuru, na hili alikuwa ameliona likikauka lote kabla ya vita, wakati babu angali hai akichunga ng'ombe wa shamba hilo hilo. Alitembea juu yake kwa miguu. Aliona ndama aliyezama miaka mingi nyuma amelala pale pale, pembe zake zikiwa nzima. Basi alipouliza maji yaliyomchukua mwanawe ni ya namna gani, akaambiwa ni ya chumvi, alishusha pumzi. Maji matamu hukaa na maji ya chumvi huondoka, ndivyo alivyojua kwa macho yake mwenyewe. Bahari ingekauka siku moja, meli ingeonekana imelala matopeni, na mwanawe angechukuliwa akazikwe. Angewezaje kuweka tunda la mti mahali pake, na yeye yuko njiani kuonekana?

Ziwa lilipoanza kukauka tena, nyanya aliamka kama mtu aliyepata barua. Kila asubuhi alichukua fimbo, akajifunga kanga puani, akaingia katika ule weupe. Kambi ilimcheka, na aliyemcheka waziwazi zaidi ni Kiprono, dereva wa trekta, tuliyemwita Koplo kwa sababu alikuwa amerudi kutoka vitani na cheo hicho.

"Mathe, hiyo bahari si kama hii maji yako ya magadi," alimwambia siku moja kwenye foleni ya posho. "Hiyo haina chini."

"Kila maji iko na chini," nyanya akajibu kwa Kiswahili chake cha shamba. "Kama haina chini, inakaa juu ya nini?"

Wanaume waliangua kicheko. "Mjibu, Koplo! Si wewe ndiye ulizunguka dunia?"

"Iko chini, lakini mbali. Chukua Menengai yote, mlima na shimo yake, tia ndani. Hutaona hata kichwa."

"Na wewe uliona hiyo chini?"

"Nitaona aje, Mathe? Mimi ni samaki?"

"Basi nyamaza, chukua unga yako. Mtu hajaona, anafundisha mtu ameona."

Koplo alicheka pia, lakini si sana. Alikuwa kwenye meli nyingine katika msafara ule ule wa baba, na siku moja alipokunywa busaa ya Jumapili aliwasimulia wanaume yaliyotokea. Mama alikuwa akianika nguo nyuma ya ukuta wa mabati, nami nilikuwa nimemshikia kapu. Meli ya baba, alisema Koplo, ilikatika katikati kama muwa, ikaenda kabla mtu hajamaliza sigara. Vijana wengi walikuwa chini, ndani, na ngazi zilikuwa nyembamba. Waliobahatika kuruka walikuwa wakielea na kupunga mikono. Lakini nyambizi ya adui ilikuwa imejificha chini yao, kwa hiyo manowari ya upande wetu ilipita katikati ya wale waogeleaji ikidondosha mabomu majini. "Tulipiga kelele tukasema simama, simama, hao ni watu wetu," Koplo alisema. "Nani angesimama?" Mama aliendelea kubana shuka la memsahib kwenye kamba, kibanio baada ya kibanio. Uso wake haukubadilika. Nadhani ndiyo siku alipojua moja kwa moja kwamba ni mjane, na kwamba wa kumruhusu kuwa mjane ni mtu mmoja tu duniani.

Alijaribu kumwomba nyanya. Memsahib naye alikuwa amempoteza kaka yake baharini, si kwa adui bali kwa ajali: meli mbili za upande mmoja ziligongana kwenye ukungu usiku, na ile ndogo ikazama na wote waliokuwamo. Katika kanisa la wazungu mjini paliwekwa bamba la jiwe lenye jina lake, na mama, ambaye alipelekwa huko mara kwa mara kubeba maua, alikuwa amemwona memsahib akilia mbele ya jiwe hilo hadi pua ikawa nyekundu. Alimweleza nyanya haya kwa upole huku akimkanda miguu.

"Chini ya hilo jiwe kuna nini?" nyanya akauliza.

"Hakuna kitu, mama. Ni jina tu."

"Wamezika jina." Nyanya akamsogezea mguu wa pili. "Jina lina uzito gani? Waache. Wao hawana subira."

Kisha likatokea jambo lililompa nyanya ushindi. Miaka ya nyuma, kabla sijapata akili, bwana mwenye shamba alikuwa na mashua ndogo ya kuwindia bata, na kijana mmoja kutoka upande wa Bungoma aitwaye Barasa ndiye aliyeisukuma kwa mti mrefu. Upepo wa alasiri uliipindua katikati ya ziwa. Bwana alishikilia ubao akaokolewa, Barasa akanaswa na matope, asionekane tena. Sasa, katika kiangazi kile, Koplo alipokuwa akivuka ziwa kwa trekta kufupisha njia, aliona mbavu za mashua zimechomoza juu ya magadi. Kambi nzima ilikimbia huko. Tulimkuta Barasa chini ya ubao wa mbele, amelala kiubavu, mifupa yake imepakwa magadi meupe kama chokaa ya ukutani, mshipi wa ngozi bado umezunguka kiuno kisichokuwapo. Wanaume walivua kofia. Hakuna aliyemcheka nyanya siku ile. Alipita katikati yao, akainama, akamgusa yule mfu kwenye paji la uso kwa ncha za vidole, jinsi mtu anavyompima mtoto homa.

"Mmeona?" alisema.

Mama alikuwa kando yangu. Nilisikia sauti ikianza ndani ya kifua chake, sauti ambayo sijawahi kuisikia tena hata katika wodi za wagonjwa mahututi, kama mlango mzito unaosukumwa. Mdomo ulifunguka. Nyanya aligeuka, akavuka ile hatua iliyowatenganisha, akaubana mdomo wa mama kwa kiganja chenye magadi.

"Meza," alimwambia. "Meza hiyo, Nyar Alego. Unataka kumwua mwanangu akiwa karibu kurudi?"

Na mama alimeza. Niliona koo lake likipanda na kushuka.

Ndugu yake Barasa alikuja kwa gari moshi, akaikusanya mifupa katika gunia jipya, akaenda nayo kwao. Kambini watu walibadilika. Wanawake waliokuwa wakimsengenya nyanya sasa walimsalimia kwa heshima, na wachache waliuliza kwa sauti ya chini kama bahari hukauka kwa miaka mingapi. Lakini aliyebadilika vibaya zaidi alikuwa mama. Yeye aliyesikia habari ya muwa uliokatika na mabomu majini, yeye aliyekuwa na hakika, alianza kuamini. Akimaliza kufua alikwenda ziwani kutembea na mkwewe. Niliwaona kwa mbali, vitone viwili vyeusi kwenye weupe ule, wakipekua ardhi kwa fimbo, katika ziwa ambalo baba hakuwahi hata kuoga ndani yake. Alikonda. Alisahau kuchana nywele. Siku moja alipiga pasi shati la zamani la baba, akalitundika nyuma ya mlango, tayari. Nimesoma katika vitabu vya taaluma yangu mambo mengi kuhusu yanayodhoofisha mwili wa binadamu, na nilifaulu mitihani yote kwa alama za juu. Sikupata humo sura inayoeleza ugonjwa ule.

Mvua zilirudi bila kubisha hodi. Ilinyesha milima ya Mau, ikanyesha upande wa Bahati, mito iliyokuwa mifereji ya mchanga ikashuka na miti mizima mgongoni. Wiki chache tu baadaye uwanja ule wa chokaa ukawa maji tena, ya kijivu, yanayopiga ukingo, na mbavu za mashua ya Barasa hazikuonekana. Nyanya alisimama ukingoni, gunia la mvua kichwani, siku nzima. Tulimwita chakula, hakuja. Jioni alirudi, akaketi kando ya jiko, akaanika mikono yake. Mama alimpa uji. Aliushika bila kuunywa.

"Nilisahau kwamba hurudi," alisema.

Hatukumwelewa. Akaendelea polepole, akimsemesha mama tu. Maji ya chumvi huondoka, hilo ni kweli. Lakini hayakai mbali. Hukaa msimu mmoja, na asiyekuwa ukingoni msimu huo hukuta yamefunika tena. Tangu vita viishe ni misimu mingi imepita. Bahari lazima ilishakauka. Meli ilishaonekana, imelala matopeni, na watu wa vijana wale wengine walio karibu na bahari walikwenda wakawachukua watu wao. "Sisi tulikuwa hapa," alisema nyanya. "Tulikuwa hapa tunafua nguo na kula posho. Alitungoja, hatukwenda, na maji yakarudi."

Koplo na Menengai yake hawakumshinda, wala jiwe la memsahib. Aliyemshinda ni ziwa lile lile lililompa tumaini. Nyanya akaweka kikombe cha uji chini. "Tafuteni yago," alisema.

Mti ule haukui kwenye baridi yetu, kwa hiyo tulikwenda kwa gari moshi hadi nyumbani, Nyanza. Jamaa walileta matunda kadhaa, wakayapanga uani. Nyanya aliyanyanyua moja moja na kulipima kila moja mikononi, akilitikisa kidogo kifuani. "Hili hapana, alizaliwa mzito kuliko hili." Alipolipata lililomridhisha, alilivika lile shati lililopigwa pasi, akafunga vifungo vyote mpaka kwenye kola. Kaburi lilichimbwa refu, la mtu mzima. Mchungaji aliomba. Tunda lilipoteremshwa, watu wote walimgeukia mama, kwa maana kilio huanza kwa mjane. Alifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Alisimama hivyo hivyo, mdomo wazi, mpaka ikawa aibu, na wanawake wengine wakaanza kulia ili kuziba ule ukimya. Nyuma yangu mtu alinong'ona kwamba huyu hakumpenda mumewe.

Machozi yalikuja baadaye, shambani, saa za kazi. Mama alikuwa ameinamia beseni la memsahib, akafika kwenye soksi za bwana, na mikono ikasimama. Alilia hadi akapiga magoti. Alilia kwa sauti ya mnyama, adhuhuri, mbele ya jiko la wazungu, povu la sabuni mpaka kwenye viwiko. Mpishi alitoka, memsahib akatoka, wafanyakazi wakaacha mkonge wakaja. Koplo alizima trekta. Nyanya aliposikia, alikuja akichechemea, akaketi chini kwenye maji yaliyomwagika, akamlaza mama mapajani kama mtoto, akawafukuza wote kwa mkono mmoja. Ilichukua siku kadhaa. Alilia akila, alilia akinisuka nywele, alilia akicheka. Ilipokwisha, alikuwa mwanamke mwingine, mwenye sauti kubwa na hasira za kawaida, na ni huyo aliyenipeleka shule ya misheni na kumwambia mwalimu mkuu kwamba mimi sitoki pale bila cheti. Sikutoka bila cheti. Nilitoka nikiwa wa kwanza.

Nilivuka bahari mwenyewe, kwa meli, nikaenda kusomea uuguzi. Siku ya tatu au ya nne kutoka Mombasa nilisimama ukingoni mwa sitaha na kuyatazama yale maji, nami nikiwa nimeshasoma jiografia na kujua vina vyake. Sikuona kitu cha kunifaa katika elimu hiyo. Niliporudi na diploma yangu, viatu vya kisigino na sanduku lililohitaji wanaume wawili kulibeba, nyanya alikuwa amepofuka. Hakuuliza kuhusu diploma. Aliuliza kama bahari niliikuta imejaa. Nikamwambia imejaa. Akaitikia kwa kichwa, akasema basi hatukukosea kulizika lile tunda.

Siku hizi Nakuru ni jiji, na ziwa lenyewe limefura hadi likameza barabara, nguzo za umeme na nyumba za watu. Nimestaafu, baada ya kuongoza wodi ambazo madaktari walizipita kwa adabu, na jirani zangu huniita wakiwa na shida kabla ya kumwita mwingine. Ndivyo nilivyoitwa juzi. Mwanamke wa nyumba ya tatu kutoka kwangu ana mtoto wa kiume aliyeajiriwa kwenye meli ya mizigo huko Ghuba. Meli ilishika moto, ikazama. Wenzake wameokolewa, yeye bado. Habari ilimfikia kwenye simu, haraka kuliko pikipiki yoyote, na sebule ilikuwa imejaa wanawake wa kanisa lake kabla ya chai kuchemka. Walikuwa wamemzunguka wakimwimbia, wakimshika mabega. "Usilie, mama. Ukilia umekosa imani. Haijathibitishwa. Jikaze." Yeye alikuwa ameketi katikati yao, ametumbua macho kwenye kapeti, na niliona koo lake likipanda na kushuka.

Kwa elimu niliyo nayo ningeweza kuwapa hotuba. Sikuwapa. Niliwaambia watoke. Mmoja alianza kunipinga, mwenzake akamvuta mkono wa blauzi, kwa sababu walinijua mimi ni nani. Walitoka. Nikafunga mlango, nikavua saa yangu ya dhahabu nikaiweka juu ya kabati, kisha nikaketi sakafuni kando yake, kwenye kapeti, pale alipokuwa akitazama.